Alama ya Moto Kwenye Shamba la Mama Akumu

Mama Akumu alishtakiwa kwa kuchoma shamba lake mwenyewe, na aliyemshtaki hajawahi kulikanyaga. Hata hakumwita akamuuliza. Ilikuja barua ya ukurasa mmoja kwa katibu wa kikundi, ikasomwa kanisani baada ya ibada, mbele ya wakulima thelathini na wawili. Barua ilisema setilaiti imeona moto katika shamba namba 2147, na kwa hiyo kikundi kizima kimetolewa kwenye mpango kwa misimu miwili. Shamba namba 2147 lilikuwa lake. Watu wakageuza shingo kumtazama, yeye akabaki ameshika kitabu cha nyimbo.

Ndiyo maana Jumanne ile alishuka kwenye basi la Kitgum na kikapu kimoja, akapanda boda mpaka kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala, kwa mwanawe Konstebo Okidi. Okidi alikuwa na chumba kimoja cha serikali kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa ndani alilala na mkewe, upande wa mlangoni alilala binti yao Akidi, wa miaka sita. Sasa Akidi alipata wa kulala naye.

Mpango wenyewe haukuwa mbaya kwenye karatasi. Kampuni fulani ilinunua simsim, yaani ufuta, kwa wakulima wasiochoma mashamba, wanaoacha mabua na majani yaoze juu ya udongo ili udongo usife, ikaiuza ng'ambo kwa watu wanaopenda kusikia habari kama hizo. Badala ya kutuma wakaguzi vijijini, kampuni ilitazama picha za setilaiti, kila baada ya siku chache. Shamba moja likionekana limeungua, kikundi kizima kinaanguka, ati ili majirani wachungane. Aliyetunga kifungu hicho bila shaka hajawahi kuwa na jirani.

Na Mama Akumu alikuwa mjane, hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa marehemu mumewe, na Ojera, mdogo wa marehemu, alikuwa ameimezea mate tangu siku ya mazishi. Sasa alipata neno. Mwanamke anayeua udongo wa ukoo na kuangusha nyumba thelathini na mbili kwa mpigo, alisema Ojera, ana haki gani ya kuendelea kushika jembe hapo? Ukoo ungekaa Jumamosi pamoja na kikundi. Ikifika Jumamosi bila ushahidi wa kumsafisha, shamba lingekuwa la Ojera.

Mama Akumu hakuja Kampala kwa ajili ya mwanawe. Alikuja kwa ajili ya mkwewe, Emérence, msichana wa Goma aliyeletwa Kampala na wazazi wake akiwa mtoto. Wawili hao waliongea Kiswahili kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Emérence alikuwa na kile cha kwao, chenye njo mahali pa ndiyo, na Mama Akumu alikuwa na kile alichookota kambini Mbuya enzi za mumewe askari.

"Wewe iko fanya kazi kwa hawa watu ya setilaiti," Mama Akumu alimwambia kabla hata hajamaliza kikombe cha kwanza cha chai. "Ingia ndani, angalia. Mimi hapana choma. Kiberiti yenyewe naacha kwa nyumba nikienda shamba."

Emérence alisema ataangalia. Alisema hivyo kwa upole, kama mkwe anavyopaswa, lakini moyoni alijua kwamba picha hazina mama mkwe wala mjomba, zina namba tu.

*

Ofisi ya kampuni ilikuwa Nakasero, ghorofa ya tatu, vijana kumi na wanne mbele ya kompyuta kumi na nne. Kazi yao haikuwa ngumu kueleza. Kompyuta kuu hupitia mashamba yote yenyewe. Pale inapoona shaka, hutuma picha kwa jicho la mtu. Mtu hutazama na kubonyeza namba. Moja ni majani, mbili ni udongo mtupu, tatu ni moto, nne ni wingu. Kisha picha nyingine. Mtazamaji mzuri hupita picha mia nne kwa siku, na Emérence hupita mia tano. Picha yake ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha chai kwa sababu hiyo, na alikuwa akijifanya haioni kila alipokwenda kuchukua maji.

Jumatano alisubiri wenzake watoke kwenda kula, akaandika namba 2147. Picha ikafunguka. Katikati ya shamba la rangi ya kahawia palikuwa na doa jeusi kubwa, kingo zake zimenyooka, pembe nne kabisa. Tarehe kumi na moja Desemba. Doa la namna hiyo halikuhitaji hata miwani. Chini yake paliandikwa: moto. Na chini ya hapo paliandikwa namba ya mtazamaji: 09.

Sifuri tisa alikuwa yeye.

Alikaa akiitazama ile namba mpaka kioo kikazimika chenyewe. Hakuikumbuka picha; mtu anayepita mia tano kwa siku hakumbuki. Na niseme ukweli wake wote, kwa sababu hata yeye baadaye aliusema: jambo la kwanza alilohisi halikuwa aibu, lilikuwa hasira. Aliona kwamba mama mkwe amemdanganya. Amechoma, halafu amekuja na kikapu na machozi ya uzee kumtumia yeye ofisini. Akakipiga picha kioo kwa simu yake, apate kumwonyesha mzee huyo kwamba mbinguni hakuna wa kudanganywa.

*

Jioni, kabla ya chakula, aliiweka simu mbele ya Mama Akumu bila maneno mengi. Okidi alikuwa anavua viatu vya kazi mlangoni.

"Mama, hii nyeusi ni nini?"

Mama Akumu aliisogeza simu mbali na macho, akaileta karibu, akashindwa. Akidi akamkuzia picha kwa vidole viwili. Mzee akatazama kitambo, kisha akacheka, kicheko cha kweli, cha kwanza tangu afike.

"Hii? Hii iko uga yangu."

Akaeleza kwa furaha ya mtu aliyeona uso anaoufahamu mjini. Kampuni ilikuwa imesema haitaki simsim yenye mchanga. Kikundi kikakubaliana wote wapure mahali pamoja, penye uga mmoja safi, na yeye akatoa shamba lake kwa kuwa ni tambarare. Akasiriba uga huo siku nne kwa mikono yake, mavi ya ng'ombe na tope jeusi la mtoni, ukauke uwe mgumu kama sahani. Hatua arobaini kwa thelathini. Uga mkubwa hivyo haujawahi kuonekana upande ule. Mvua ya kwanza iliuondoa, lakini wakati huo simsim ya watu wote ilikuwa imeshapurwa juu yake bila punje moja ya mchanga.

"Angalia hapa kwa kona, iko nyeupe kidogo," alisema, kidole juu ya kioo. "Hapa mavi ya ng'ombe iliisha. Nikaenda omba kwa Odyek. Siku ya pili nikarudia, lakini rangi ilikataa."

Kona ilikuwa nyeupe kidogo. Emérence aliiona.

Yeye alizaliwa Goma, ambako ardhi nyeusi ni ardhi iliyopitiwa na moto wa mlima. Watoto wa kule hucheza juu ya moto uliokufa, hujenga nyumba juu yake, hawahitaji kufundishwa nyeusi maana yake nini. Na kitabu cha mwongozo kazini kilikubaliana naye: nyeusi, kingo zimenyooka, wakati wa kiangazi, bonyeza tatu. Neno uga halikuwamo. Waliokiandika hawakujua kwamba kuna mwanamke anaweza kupaka shamba rangi nyeusi kwa mikono, kwa usafi.

"Basi setilaiti iko sawa," Mama Akumu alisema, akimrudishia simu. "Imeona mzuri kabisa. Mubaya ni huyu mtu aliandika. Huyu hajui kitu. Labda iko Mzungu."

"Labda, Mama," Emérence alisema, akaenda kupakua chakula.

*

Alimwambia Okidi asubuhi, wamesimama kwenye foleni ya bomba na madumu yao, kwa sauti ya chini kwa sababu kambi ina masikio. Okidi hakufoka. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, na miaka tisa ya kazi ilikuwa imemfunza kwamba maneno mengi ndiyo hujaza mahabusu.

"Sikiliza," alisema. "Mimi napeleka hii picha Wandegeya, naiprinti kubwa, naipa dereva wa basi, Ogwal anaipata kesho. Wakiiona watajua uga yao. Ojera atafunga mdomo. Nani aliandika nini, hiyo iko chini ya picha, naikata. Wewe usijiingize."

Ogwal ndiye aliyekuwa katibu wa kikundi, mtu mwaminifu. Na Okidi alikuwa amesema kweli. Laiti mkewe angeishia hapo, shamba lingepona, na hadithi hii isingekuwa na haja ya kuandikwa. Lakini Emérence hakuwaza shamba moja. Aliwaza nyumba thelathini na mbili zilizoangushwa kwa kidole chake, na kwamba barua iliyoandikwa inaweza kufutwa kwa barua nyingine. Okidi akaenda Wandegeya, yeye akaenda Nakasero kumwona mkuu wake.

Mkuu wake aliitwa Zulaikha, Mnubi wa Bombo, mwanamke nadhifu asiyepandisha sauti. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua shamba 2147, akalitazama.

"Siku thelathini za kukagua upya zimepita," alisema. "Lakini mtazamaji mwenyewe akiomba, alama inaweza kufunguliwa. Umejuaje kuwa ni uga?"

Emérence angeweza kusema ametazama tena kwa makini. Maneno manne tu. Badala yake alisema kilichotokea.

"Mama mukwe wangu njo alinionesha. Ni shamba yake."

Zulaikha akaweka kalamu mezani. Akakaa hivyo, mikono juu ya karatasi, akitafuta namna ya kutolisikia alilolisikia, na hakuipata.

"Kwa nini umeniambia hilo?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya kusikitika kwelikweli. "Hakuna anayeruhusiwa kugusa shamba la ndugu yake. Sasa siwezi kuifungua. Na kama unao ndugu huko, picha zote za upande huo ulizotia alama lazima ziwekwe kando zikaguliwe. Ni elfu sita na kitu, Emérence. Mpaka ziishe, huwezi kukaa kwenye kompyuta."

"Mpaka lini, Madam?"

"Nitakupigia."

Kila mtu Kampala anajua maana ya nitakupigia. Mlinzi wa mlangoni, aliyekuwa akimtania kila asubuhi, alimwaga mkoba wake juu ya meza, akapekua kitana, leso na chupa ya maji, akachukua kitambulisho chake, kisha akamwambia akusanye vitu vyake haraka kwani kuna wageni wanapanda. Picha yake kwenye mlango wa chumba cha chai ilibaki, kwa kuwa hakuna aliyeagizwa kuiondoa.

*

Mama Akumu alikuwa nje ya mlango, juu ya kigoda, akichambua dodo, mchicha wa chakula cha mchana. Emérence alimkuta hapo saa sita, saa ambayo mtu mwenye kazi harudi nyumbani. Akapiga magoti chini, kitu ambacho wanawake wa Goma hawana desturi nacho, na majirani wawili wakaacha kufua wakatazama.

"Ile alama ya moto, Mama. Ni mie njo niliiandika."

Mama Akumu aliendelea kuchambua majani. Alichambua shina moja, la pili, la tatu. Emérence akaeleza yote, namba sifuri tisa, ofisi, Zulaikha, kazi iliyokwisha. Machozi yalimtoka akayaacha.

"Wewe uliangalia shamba yangu muda gani?"

"Sekunde tatu, Mama. Labda tatu."

"Mimi nilisiriba siku nne."

Akarudi kwenye majani yake, na Emérence angependelea kupigwa. Alijiona mdogo, mchafu, mtu aliyekula chakula cha mwenzake akamwita mwizi. Hatimaye mzee akakung'uta mikono.

"Kale, sawa. Inuka, watu wanaangalia. Umekosa na umesema. Kwetu mtu akikosa, anasimama mbele ya watu anasema, imeisha. Jumamosi utasema kwa wao pia."

Okidi aliposikia hayo jioni alishika kichwa. Picha ilikuwa tayari kwenye basi. Alimbembeleza mama yake kwa Kiacholi, akarudia kwa Kiswahili ili mkewe asikie kwamba anatetewa.

"Mama, mimi ni polisi. Mtu akikiri, kesi imekwisha, hakuna mtu anauliza sababu. Wacha picha iongee."

"Picha iliongea mara ya kwanza," mama yake alisema. "Uliona ilisema nini. Hawa watu walisikia jina yangu kanisani. Nataka wasikie yote. Mimi siwezi rudi pale na kitu nimeficha kwa nguo."

Alikuwa mwanamke mnyoofu, na Okidi alimpenda na kumkasirikia kwa jambo hilohilo.

*

Jumamosi saa nne simu ililia, wakaiweka juu ya meza katikati ya vikombe, sauti ikiwa wazi. Upande wa pili Ogwal alikuwa ameiweka yake juu ya kiti, na watu wameizunguka. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri kuliko walivyoota. Picha ilikuwa imefika, imepitishwa mkono kwa mkono, na wanawake walikuwa wakicheka. Mmoja alidai anakiona kivuli cha chungu chake. Odyek alisema kona ile nyeupe ni mavi ya ng'ombe wake, watu wakaangua kicheko. Ogwal akatangaza kwamba kila mwenye macho ameona, hapakuwa na moto, ulikuwa uga wa watu wote. Ojera hakusikika kabisa. Okidi alikuwa ameanza kutabasamu, mkono wake uko tayari kuikata simu.

"Iko neno ingine," Mama Akumu alisema.

Okidi akamshika mkono. Mama yake akautoa mkono huo taratibu, akaisogeza simu mbele ya mkwewe. Emérence akaongea kwa Kiswahili, Ogwal akiwatafsiria watu. Alisema jina lake, akasema kazi yake, akasema kwamba yeye ndiye aliyeona nyeusi akaandika moto, kwamba ni kosa lake peke yake, na kwamba anawaomba msamaha wote, mmoja mmoja.

Kisha Ojera akaongea. Alikuwa amewahi kuwa askari kama kaka yake, na alichagua Kiswahili makusudi, Mkongo asikie bila mkalimani.

"Kampuni itarudi?"

"Hapana, Baba," Emérence alisema. "Niliomba. Walikataa."

"Misimu miwili iko palepale?"

"Iko palepale."

"Basi nimeelewa," Ojera alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu, karibu ya upole. "Shemeji, tulikuwa tunasema wewe umechoma shamba. Tulikosea, nakubali mbele ya watu. Shamba haikuungua. Sisi ndiyo tuliungua. Na mwenye kutuchoma iko ndani ya nyumba yako, anakula kwa sahani ya mtoto yako. Nani hapa atalima kando yako tena?"

Walisubiri mtu amkatalie. Ogwal alikohoa. Mwishowe alisikika Odyek, na Odyek hakuwa adui wa mtu.

"Mama Okidi," alisema, "magunia yangu manne iko nyumbani, hakuna wa kununua. Mimi sijui niseme nini."

Hakukuwa na kura. Ojera alisema shamba litakuwa mikononi mwake tangu siku hiyo, na hakuna aliyepinga, na katika ukoo ule kutopinga ndiyo kura. Ogwal aliuliza kama Mama Akumu ana la kujibu.

"Nimesikia," Mama Akumu alisema.

Okidi akakata simu, akatoka nje bila kofia, akasimama ameegemea ukuta wa jirani. Hakumlaumu yeyote kwa mdomo, wala hakuweza kuwatazama wote wawili. Ndani, Emérence alikuwa amefunika uso kwa kanga. Alitaka kusema samahani akaacha, kwa kuwa ndilo neno lililokuwa limewamaliza.

Mama Akumu alikaa wima kwenye kiti, mikono juu ya magoti, mikono mipana yenye nyufa isiyokuwa na kitu cha kushika. Alitazama chumba, pazia, jiko la mkaa, godoro la mjukuu lililokunjwa pembeni. Alikuwa anapima, na Emérence alijua anapima nini.

"Mama Akidi," aliita hatimaye.

"Naam, Mama."

"Unga hapa munanunuaga wapi?"

Emérence alimwambia kuna duka nje ya geti, na soko mbele kidogo.

"Kesho utanionesha," Mama Akumu alisema. "Utaniambia na bei, nisidanganywe."

Alikuwa na miaka sitini na minne, na tangu atoke kambini Mbuya, miaka thelathini na mmoja iliyopita, hakuwahi kununua unga.